Nyumba ya Rabai na Mwenyeji Wake wa Kwanza
Habari za maisha ya Johannes Rebmann

Mtu akitoka Mombasa kuelekea bara, akiiacha bahari nyuma yake na kupanda vilima vya minazi, baada ya mwendo wa kilometa 20 hivi hufika Rabai. Hapo pana kanisa, pana shule, na pana makumbusho. Na katika majengo hayo ya kale imo nyumba moja iitwayo hata leo kwa jina la Rebmann. Nyumba hiyo si jumba la kifalme. Haina ghorofa wala nakshi milangoni. Mpita njia asiyejua habari zake aweza kuipita bila kugeuza uso. Lakini Rabai ndipo mtu mmoja alipokaa miaka 29, na katika miaka hiyo yote hakurudi kwao Ulaya hata mara moja. Alifika akiwa kijana mwenye nguvu. Aliondoka akiwa mzee kipofu, ameshikwa mkono.

Katika miaka ile walikuwako watu waliosema kwamba amekaa bure. Walihesabu Wakristo aliowabatiza, wakaona ni wachache mno. Walihesabu miaka, wakaona ni mingi mno. Basi na tuzitazame habari za nyumba hiyo na za mwenyeji wake wa kwanza, tupate kuamua kama neno lao lilikuwa kweli.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Watu wa nchi ile walikuwa Walutheri, na wengi wao walikuwa na desturi ya kukusanyika jioni nyumbani mwao, kusoma Biblia na kuomba pamoja. Katika malezi hayo kijana Johannes alipata hamu ya kuwapelekea watu wa mbali Habari Njema. Akaenda kusoma katika chuo cha Misioni cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Uingereza katika chuo cha Chama cha Misioni cha Kanisa la Kiingereza. Msomaji asistaajabu kwamba Mlutheri alitumwa na Waingereza. Siku zile Waingereza walikuwa na fedha na merikebu, lakini watu wa kwenda walikuwa haba. Na Wajerumani walikuwa na vijana walio tayari kwenda, lakini hawakuwa na njia ya kuwapeleka. Kwa hiyo walisaidiana.

Tarehe 10 Juni 1846 Rebmann alifika Mombasa. Aliyempokea alikuwa Mjerumani mwenziwe wa Württemberg, Johann Ludwig Krapf, mwenye umri wa miaka 36. Krapf alikuwa amefika miaka miwili mbele yake, naye alikuwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Unguja, iliyowaagiza maliwali wake wamtendee mema. Lakini kabla hajaanza kazi, homa ilimwua mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, katika mwezi wa Julai 1844. Kaburi lao lilikuwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Basi Rebmann alipotua pwani, la kwanza alilojifunza juu ya nchi ile ni kwamba mtu aweza kuzikwa humo upesi sana.

Krapf alikuwa ameshazunguka katika vijiji vya watu walioitwa siku zile Wanyika, ambao leo twawaita Mijikenda. Akaona kwamba Rabai Mpya, juu ya kilima, pana hewa nzuri kuliko Mombasa, na wazee wake ni wapole. Wazee wale walikutana, wakashauriana, wakawakubali wageni wakae kwao. Tarehe 25 Agosti 1846 Krapf na Rebmann walihamia huko. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, hata ilikuwa taabu kwao kupanda kilima. Hivyo kituo cha kwanza cha Misioni ya Kiprotestanti katika nchi iitwayo leo Kenya kilianzishwa na watu wawili walioweza kusimama kwa shida.

Nyumba yao ya kwanza waliijenga kwa mikono yao wenyewe, wakisaidiwa na watu wa Rabai. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, yenye kuezekwa makuti, kama nyumba za watu wote wa nchi ile. Waliojenga nyumba ya namna hiyo wajua kazi yake: kukata nguzo na fito, kufunga kwa kamba, kukanda udongo, kukandika ndani na nje, kungoja ikauke, na mvua ikija kabla ya makuti kutimia, kuanza tena. Rebmann alikuwa amezoea kazi ya mikono tangu utoto wake, wala hakuiona kuwa aibu. Pia walijenga banda dogo la kufanyia ibada.

Walipowaita watu waje kusali, walikuja wachache. Hao nao waliuliza watapewa nini kwa kuja kwao, kwa kuwa desturi ya nchi ilikuwa kwamba watu wakikusanyika kwa jambo kubwa, hula na kunywa pamoja. Mkutano usio na chakula waliuona kuwa jambo geni. Wamisionari hawakuwa na la kuwapa ila maneno, tena maneno yenyewe hawakuyajua bado vema. Ndipo walipofahamu kwamba kazi ya kwanza ni kujifunza lugha. Wakakaa na wazee, na wanawake, na watoto, wakiuliza jina la kila kitu na kuliandika. Mwaka wa 1848 Injili ya Luka iliyofasiriwa na Krapf kwa Kinyika ilipigwa chapa huko Bombay.

Sasa tuziseme safari za Rebmann, maana kwa hizo jina lake limejulikana ulimwenguni. Katika Oktoba 1847 alikwenda Kasigau, katika nchi ya Wataita. Kisha tarehe 27 Aprili 1848 alishika njia ya Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani aliyezijua njia za bara. Watu wa Mombasa walimwonya sana. Walimwambia habari za mlima mkubwa ulio na majini, unaoua watu na kuharibu viungo vyao. Rebmann hakuchukua silaha. Alikwenda na mwavuli wake, na Biblia yake, na wapagazi wachache, akipita nyika yenye simba na vifaru.

Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, aliona juu ya mlima mmoja kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini. Yule hakuwa na jina la kitu kile, ila alikiita baridi tu. Rebmann, ambaye amezaliwa katika nchi ya majira ya baridi, alifahamu mara moja kwamba ni theluji. Mlima ule ulikuwa Kilimanjaro, ambao kilele chake kimepimwa kuwa mita 5,895. Walipokaa kitako kupumzika, alifungua Biblia mahali alipofikia katika kusoma kwake kwa kila siku, napo palikuwa ni Zaburi ya 111, isemayo juu ya ukuu wa kazi za Bwana. Basi akaisoma akiutazama mlima.

Akafika Kilema kwa Mangi Masaki, akapokewa vema. Huko Uchaga alisikia habari za mangi mmoja wa zamani aliyewapeleka watu wake juu ya mlima, kwa kuwa kile cheupe kilidhaniwa kuwa ni fedha. Wengi walikufa kwa baridi. Na kile walichodhani kuwa ni fedha kiligeuka maji mikononi mwao. Kwa habari hiyo Rebmann alizidi kuwa na hakika kwamba macho yake hayakumdanganya.

Katika Novemba mwaka ule ule alikwenda mara ya pili, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, mtu mwenye nguvu kuliko wamangi wengine wa siku zile. Mangi alimpokea kwa furaha. Rebmann akarudi Rabai na matumaini makubwa, akafanya tayari safari ya tatu, kubwa kuliko zote, akikusudia kupita Uchaga na kufika Unyamwezi. Akaondoka katika Aprili 1849, pamoja na wapagazi 30 hivi na mizigo ya nguo na shanga za kulipia njiani. Alipofika Machame, Mangi alianza kuomba zawadi. Akapewa, akaomba tena. Siku baada ya siku mizigo ilipungua, hata Rebmann akaona hana tena cha kumfikisha Unyamwezi. Alilia machozi. Akarudi Rabai katika mwezi wa Juni, mgonjwa, amenyeshewa na mvua za masika. Safari yake ya Uchaga ilikwisha hapo, wala hakuuona tena mlima ule kwa karibu.

Wapenzi wasomaji, likumbukeni jina hilo la Machame, maana tutarudi kwake.

Huko Ulaya habari ya theluji ilipopigwa chapa mwaka wa 1849, wataalamu wengine waliikataa. Aliyeshupaa kuliko wote alikuwa Bwana Cooley wa London. Yeye hakufika Afrika Mashariki, bali aliandika vitabu juu yake kwa kukusanya maneno ya wengine. Alisema kwamba karibu na ikweta hapawezi kuwa na theluji, na kwamba yule mmisionari ameona ndoto. Hata Krapf alipouona mlima wa Kenya na theluji yake, tarehe 3 Desemba 1849, Cooley hakusadiki. Rebmann hakugombana naye sana. Alikuwa ameandika aliyoyaona, akarudi kwenye kazi yake. Miaka 12 ilipita. Mwaka wa 1861 Mjerumani Klaus von der Decken na Mwingereza Richard Thornton walikwenda Kilimanjaro, wakathibitisha kwamba theluji iko. Siku hizo Rebmann alikuwa Rabai, akiandika maneno ya Kinyika katika daftari lake.

Siku zile ilitokea tofauti ya shauri kati ya Krapf na Rebmann, na ni vema tuieleze, kwa kuwa bila hiyo hatutaielewa nyumba yetu. Krapf alikuwa mtu wa moto. Alitaka kupanga vituo vya Misioni, kimoja baada ya kimoja, kutoka Mombasa kupita katikati ya Afrika mpaka bahari ya magharibi. Rebmann alidhani ni afadhali kukaa mahali pamoja, kuijua lugha mpaka ndani, kujulikana na watu, na kungoja. Walipendana kama ndugu, lakini kila mmoja alimwona mwenziwe amekosa njia. Mwaka wa 1853 Krapf alivunjika afya, akarudi Ulaya. Rebmann alibaki.

Naye hakubaki peke yake. Mwaka wa 1851 alikuwa amesafiri mpaka Misri, akamwoa huko Emma Tyler, mjane Mwingereza aliyekuwa mwalimu katika shule ya Misioni. Akaja naye Rabai. Nyumba ile ya kwanza ya udongo ilikuwa imekwisha kuharibika kwa mvua na mchwa. Kwa hiyo kituo kilihamishwa mpaka Kisuludini, mwendo mfupi kutoka mahali pa kwanza. Huko ikajengwa nyumba iliyo imara zaidi, yenye bustani. Hapo ndipo mahali pa Misioni ya Rabai hata leo. Katika makao hayo mapya Rebmann na mkewe walipata mtoto mmoja tu, akafa angali mchanga.

Mwenzao aliyebaki, Jakob Erhardt, aliondoka mwaka wa 1855. Tangu hapo nyumba ya Kisuludini ilikaa na Rebmann na Emma. Matunda ya kazi yalikuwa machache. Wa kwanza kuamini huko Rabai alikuwa Mringe, maskini kilema, aliyebatizwa na Krapf karibu na kufa kwake. Baada yake alikuja Abe Gunja, na baada ya miaka wengine wachache. Kila Jumapili walisali. Kila siku palikuwa na mafundisho. Na watu wa kijiji walikuja kuomba dawa, kuomba shauri, kutazama, kisha wakaenda zao.

Lakini tuingie ndani ya nyumba ile, tukaone kazi iliyofanyika mezani. Alikuwako mtu mmoja jina lake Salimini. Kwao kulikuwa upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa. Alitekwa, akauzwa, akapelekwa pwani kwa njia ya watumwa, mpaka akafika nchi ya Mombasa. Rebmann alipomwona alitambua kwamba mtu huyu ana hazina ambayo hakuna mwizi aliyeweza kumnyang'anya, yaani lugha ya mama yake. Tangu karibu na mwaka wa 1853 wakaketi pamoja, mtumwa akifundisha na mmisionari akijifunza, neno kwa neno. Hivyo kikaanza kamusi cha lugha ya watu wa Nyasa, cha kwanza cha lugha ile. Rebmann hakufika Nyasa hata siku moja. Aliandika kwa ajili ya watu ambao hakutarajia kuwaona, na kwa ajili ya walimu ambao walikuwa hawajazaliwa. Pamoja na hicho aliandika kamusi cha Kinyika, akasaidia katika kamusi cha Kiswahili cha Krapf, akafasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Mezani hapo hapo Rebmann na Erhardt walikuwa wamekusanya habari za wafanya biashara wa bara, wakachora ramani. Kila msafiri aliyetoka magharibi aliwaambia kwamba njia yake iliishia kwenye maji makubwa. Nao wakadhani kwamba maji hayo yote ni ziwa moja kubwa mno. Ramani ilipotolewa Ulaya mwaka wa 1855 na wa 1856, wengi waliicheka, maana ziwa lile lilikuwa na umbo kama la konokono. Ni kweli kwamba walikosa: maziwa si moja, bali ni Nyasa, na Tanganyika, na Viktoria. Lakini kosa lao lilikuwa na faida kuliko kunyamaza kwa wengine, maana kwa ajili ya ramani ile Chama cha Jiografia cha London kiliwatuma Burton na Speke kwenda kutafuta. Mwanzo wa mwaka wa 1857 Burton alifika Kisuludini, akamwalika Rebmann kufuatana nao bara. Mtu mwingine angefurahi kwenda kuyaona kwa macho yake yale aliyoyachora kwa kusikia. Rebmann alikataa. Alikuwa amekwisha kuchagua mahali pake.

Mwaka ule ule wa 1857 Wamasai walishuka kutafuta ng'ombe, wakapiga vijiji vya Wanyika, watu wengi wakauawa na wengine wakakimbilia misitu. Rebmann na mkewe iliwabidi kukimbilia Unguja, na nyumba ikabaki haina mtu. Wengi walidhani kwamba Misioni ya Rabai imekwisha. Lakini mwaka wa 1859 wote wawili walirudi Kisuludini, wakaanza tena.

Mwaka wa 1864 walifika wasaidizi wenye thamani kubwa: George David, William Jones na Ishmael Semler. Hawa walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini kutoka majahazi ya watumwa, wakalelewa na kufundishwa huko Bara Hindi. Sasa walirudi Afrika wakiwa Wakristo na mafundi, wakawa walimu.

Mwaka wa 1866 Emma alifariki, baada ya kukaa na mumewe miaka 15. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na ukimya. Na jambo jingine zito likamjia Rebmann: macho yake yalianza kufa. Mtu ambaye macho yake ya kwanza yaliona theluji ya Kilimanjaro, akaitwa mwongo kwa ajili yake, sasa hakuweza kuona vema karatasi iliyo mbele yake. Wenziwe wa Ulaya walitaka arudi akapumzike. Alikataa, kwa kuwa kamusi kilikuwa hakijatimia. Aliendelea kuuliza na kuandika kwa macho ya watu wengine.

Tusifiche ukweli. Rebmann hakuwa mtu asiye na kosa. Upweke wa miaka mingi ulimfanya kuwa mgumu katika mashauri yake, na kupenda kwake maneno yaliyoandikwa pengine kulizidi kupenda kwake kutembea vijijini. Waliosema kwamba angaliweza kufanya zaidi hawakusema bila sababu. Lakini katika wale waliosema hivyo, hakuna aliyekaa mahali pake miaka 29.

Mwaka wa 1875 Mwingereza W. S. Price alikuwa amefika Mombasa kuanzisha makao ya watumwa waliookolewa, mahali palipoitwa Freretown. Huko Rabai alimkuta Rebmann kipofu, na pamoja naye kundi dogo sana la Wakristo. Ndipo mzee alipokubali kuondoka. Aliyefuatana naye safarini hata Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, Mrabai, mmoja wa Wakristo wale wachache. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Rebmann alikuja Rabai ili awaongoze watu wake. Naye alitoka huko akiongozwa na mtu wa Rabai.

Alikwenda kukaa Korntal, karibu na kijiji alichozaliwa. Huko alikuwako rafiki yake Krapf. Wazee wawili, waliokosana zamani juu ya njia, wakakaa tena pamoja. Rebmann akaoa mara ya pili, apate wa kumtunza, lakini siku zake zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Tarehe 4 Oktoba 1876 alifariki, mwenye umri wa miaka 56, akazikwa Korntal. Krapf alichukua daftari za mwenziwe, akazitengeneza. Na mwaka wa 1877 kamusi cha lugha ya Nyasa kilipigwa chapa. Krapf mwenyewe alifariki mwaka wa 1881. Kamusi cha Kinyika kilitolewa mwaka wa 1887, miaka 11 baada ya kufa kwa Rebmann.

Na Rabai je? Mtu yule alipoondoka, nyumba yake haikufa. Watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walisikia kwamba kuna mahali juu ya kilima pa watu wa Mungu, wakaja mmoja mmoja, kisha makumi, kisha mamia. William Jones, yule aliyeokolewa utumwani, akawa mchungaji wao, wala hakukubali kuwafukuza. Mwanzo wa mwaka wa 1889 watumwa zaidi ya 1,400 waliokimbilia vituo vya Misioni katika nchi ile walilipiwa fidia, wakapewa hati za uhuru. Na wengi wao walikuwa wa Rabai. Kama nyumba ya Kisuludini ingalifungwa mwaka wa 1857, au mwaka wa 1866, watu hao wangalikimbilia wapi?

Sasa turudi Machame. Mwaka wa 1849 Rebmann aliondoka huko analia, amenyang'anywa mali yake, akiamini kwamba mlango umefungwa. Mwaka wa 1893, yaani miaka 44 baadaye, wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro, na mahali walipoanza kujenga nyumba yao palikuwa Machame. Leo makanisa ya Kilutheri yamejaa katika miteremko ya mlima ule, tangu Machame na mbele yake. Na watoto wa wale waliomnyang'anya yule mgeni wamekuwa wachungaji, walimu na maaskofu. Rebmann hakuyaona hayo. Hakuyaota hata katika ndoto.

Basi, alikaa bure? Kila msomaji ajibu mwenyewe. Lakini neno hili nawaambia hasa ninyi waalimu mlio katika vijiji vya mbali, ambao Jumapili mwapiga kengele wakaja watu saba, na Jumapili ya pili watano. Mwaona wenzenu wakisifiwa kwa hesabu kubwa, na ninyi mwaona haya kuandika hesabu yenu katika taarifa. Ikumbukeni nyumba ya Rabai. Mwenyeji wake hakuwa na hesabu ya kujisifia. Alikuwa na mlango uliokuwa wazi, na meza, na daftari, na mtumwa aliyemfundisha maneno. Mpanda minazi hujua kwamba pengine atakayeangua ni mjukuu wake. Walakini hupanda, tena humwagilia maji.

Na ninyi mtakaopata safari ya Mombasa siku moja, pandeni hata Rabai, mkaitazame nyumba ile. Ingieni polepole. Mbele yenu waliingia humo wagonjwa, na mayatima, na waliokimbia minyororo. Na wa mwisho kutoka katika wenyeji wake wa kwanza alikuwa kipofu, lakini njia yake aliijua.